Je, Kima cha Chini cha Mshahara Chatosha Kuishi?

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani ya parokia kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Mwanza





Mada tuliyopewa yaonekana kuwa nyepesi. Mtu akiulizwa kama kima cha chini cha mshahara chatosha kuishi, hujibu "hakitoshi" kabla swali halijakwisha, na wote waliopo hucheka. Kicheko hicho ndicho kilichotufanya tuikubali mada hii. Jambo ambalo kila mtu amekwisha kulijibu halitafakariwi tena na mtu yeyote, na kila mmoja hudhani kwamba lamhusu mwingine: Serikali, mwenye kiwanda, au tajiri wa mitumbwi kule mwaloni. Sisi katika Tume tulijiuliza maswali mawili. La kwanza: ikiwa mshahara hautoshi, na bado watu wanaishi, kinachopungua hulipwa na nani? La pili: sisi tulioketi humu ndani, majina yetu yameandikwa upande gani wa daftari la mishahara?

Hesabu ya mwezi mmoja

Tuanze na sheria, maana wengi wetu huzungumza juu ya kima cha chini bila kujua ni kiasi gani. Katiba ya nchi yetu, katika Ibara ya 23, yasema kwamba kila mtu anayefanya kazi anastahili malipo ya haki yanayolingana na kazi yake. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, imempa Waziri mwenye dhamana ya kazi uwezo wa kutangaza Amri ya Mishahara baada ya kushauriwa na bodi ambazo ndani yake wamo wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri. Amri hiyo haiweki kiwango kimoja kwa watu wote. Kila sekta ina chake. Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 iliweka shilingi 115,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara, 100,000 kwa kilimo, na 40,000 kwa mtumishi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Amri iliyofuata ilianza tarehe 1 Januari 2023, nayo ilipandisha viwango hivyo kuwa 150,000, 140,000 na 60,000.

Twawaomba mwangalie tarehe hizo kuliko mnavyoangalia fedha. Kati ya amri ya kwanza na ya pili ilipita miaka tisa na nusu. Mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni wakati wa amri ya kwanza alikuwa darasa la tatu au la nne ilipokuja ya pili. Kwa muda wote huo mfanyakazi wa kiwandani aliongezewa shilingi 35,000, na ukizigawanya kwa miezi 114 ya kungoja utaona kwamba ni sawa na kuongezewa shilingi 307 kila mwezi. Bei za sokoni hazikungoja bodi ikutane.

Ni haki kukiri kwamba safari iliyofuata kungoja kulikuwa kufupi. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ilitangaza amri nyingine, ya kuanza tarehe 1 Januari 2026, ikisema kwamba wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, ongezeko ambalo tangazo lenyewe lililiita asilimia 33.4. Kabla ya hapo, katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2025 kule Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kingepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai ya mwaka huo. Tulifurahi, na waliofurahi zaidi walikuwa wenye mikopo. Lakini neno "wastani" lahitaji kusomwa taratibu. Katika wastani huo wamo wafanyakazi wa benki na wa migodi mikubwa, ambao viwango vyao ni mara kadhaa ya vile vya dukani au vya shambani. Hakuna mtu anayepokea wastani. Wakati wastani ulipokuwa 275,060, binti anayepika na kulea watoto katika nyumba zetu alikuwa na haki ya kudai shilingi 60,000.

Sasa tumchukue mfanyakazi mmoja wa kiwanda au wa duka kule Nyakato, aliyekuwa akilipwa sawasawa na amri ya mwaka 2023, shilingi 150,000. Huyu hakudhulumiwa kisheria. Mwajiri wake ni mwajiri anayetii sheria, na wa namna hiyo si wengi. Asilimia 10 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo ni akiba ya uzee wake, nasi hatuilalamikii. Zabaki 135,000. Hupanda daladala moja kwenda na moja kurudi. Kwa nauli ya shilingi 600 ya LATRA iliyoanza kutumika mwezi Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10, siku 26 za kazi zamgharimu 31,200. Zabaki 103,800. Zigawanye kwa siku 30, kwa kuwa tumbo halipumziki Jumapili: ni shilingi 3,460 kwa siku. Ana mke na watoto watatu. Kila mmoja wao ana shilingi 692 kwa siku.

Na hapo kodi ya chumba haijalipwa. Wala maji, mkaa, sabuni, sare za shule, dawa ya malaria, mchango wa msiba, wala zaka ambayo sisi viongozi huikumbusha kila Jumapili. Hatutawatajia bei ya unga, maana akina mama mnaijua kuliko sisi. Mwajua ya Mirongo na ile ya gengeni, na mwajua jinsi inavyokuwa mwezi Februari kabla mahindi mapya hayajaingia. Chukueni hizo shilingi 692 mwende nazo sokoni kwa mawazo yenu, kisha mtueleze mmerudi na nini.

Tuseme sasa kwamba kiwango cha mtu huyu kimepanda kwa asilimia ileile ya wastani iliyotangazwa, kikawa kama shilingi 200,000. Kwa makato yaleyale na nauli ileile, kila mmoja nyumbani mwake angepata shilingi 992 kwa siku. Ni nyongeza ya shilingi 300 kwa kila kinywa. Haifai kuibeza, na mama wa nyumba hataibeza. Lakini kodi ya chumba bado haijalipwa.

Anayelipa kilichopungua

Watu hawa hawafi kwa njaa. Twawaona, twasali nao, watoto wao huja mafundisho. Basi kuna anayelipa.

Mke ndiye wa kwanza. Mwaijua mitaa yetu ya mabondeni na ya milimani kati ya mawe, Igogo, Mabatini na kwingineko, jinsi saa kumi na moja jioni kila kibaraza kinavyogeuka kuwa jiko la biashara. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea katika mwambao huu miaka ya 1990, nyama ya samaki ilisafirishwa kwenda Ulaya, na vichwa pamoja na mifupa yenye mabaki ya nyama vikabaki kwetu kwa jina la mapanki. Wanawake wakayanunua, wakayakausha, wakayakaanga, wakayauza. Mtakumbuka ugomvi uliotokea nchini kuhusu filamu iitwayo Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, hata Rais Jakaya Kikwete akaikosoa vikali mwaka 2006, watu wakibishana kama mapanki ni chakula cha binadamu au si chakula. Sisi wa Mwanza tulishangaa kidogo. Panki lililokaangwa vizuri ni kitoweo, nasi tumelila. Swali ambalo halikuulizwa sana ni kwa nini mtu aliyeshinda amesimama akikata minofu arudi nyumbani na ujira usioweza kununua mnofu.

Wa pili ni kijijini. Gunia la mihogo mikavu kutoka Ukerewe, debe la viazi kutoka Sengerema, michembe na matobolwa aliyoandaa bibi: vyote hivyo hushushwa gatini na stendi kila siku, navyo ni sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa. Bibi huyo hajui kwamba anakisaidia kiwanda, lakini ndivyo ilivyo.

Wa tatu ni mwenye duka wa mtaani na daftari lake la madeni. Wa nne, ambaye amekuja siku hizi, ni yule anayetoa mikopo iitwayo kausha damu, na jina hilo walilitunga wakopaji wenyewe. Wa tano ni mtoto. Binti wa kidato cha pili aliyekaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa viatu na nauli amelipa sehemu yake, tena amelipa kwa fedha ambayo hairudishwi.

Jambo hili si jipya katika nchi hizi. Wazee wetu wa Usukumani waliokwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizoandikiwa katika kandarasi zao, walilipwa ujira wa mtu mmoja asiye na mke. Serikali ya kikoloni na wenye mashamba walihesabu kwamba mke na watoto wamebaki kijijini na watajilisha kwa jembe lao. Kwa hiyo jembe la mama wa Kwimba lilikuwa linachangia mkonge wa Tanga. Mwaka 1954 nchini Kenya, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba ujira wa Mwafrika mjini ulikuwa umepimwa kwa kapera, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua mpaka uweze kutunza familia. Hapa kwetu, mara baada ya Uhuru, bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth ilitoa taarifa yake mwaka 1962 juu ya kima cha chini kwa nchi nzima. Nia ilikuwa kwamba mfanyakazi aishi mjini kama mtu mwenye nyumba.

Wenye umri wetu mwakumbuka kilichofuata miaka ya 1980, sabuni ilipokuwa anasa na mshahara wa mtumishi haukufika katikati ya mwezi. Hapo ndipo neno "mradi" lilipopata maana mpya: kuku uani, ng'ombe wa maziwa, maandazi ya mama watoto, mwalimu kufunga darasa mapema ili akauze barafu. Tulijisifu kwa ujanja wetu, na kweli tulikuwa wajanja. Lakini tangu wakati huo tumezoea kuuona mshahara kama nauli ya kwenda kutafuta riziki mahali pengine, na waajiri nao wamezoea hivyohivyo.

Wasioguswa na Amri

Wapo ambao hesabu yetu ya mwanzo kwao ni ndoto. Kibarua anayesimama langoni alfajiri hajui kama leo ataitwa. Ukigawanya 150,000 kwa siku 26, utapata kiwango cha siku cha karibu shilingi 5,770. Mwajiri aweza kumlipa kiwango hicho kikamilifu na kumwita siku 12 tu kwa mwezi, akaondoka na shilingi 69,240. Kiwango cha siku kimeheshimiwa, mwezi umekufa. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu, viwanda vilipunguza kazi, na vibarua walirudi nyumbani bila barua wala kiinua mgongo, kwa kuwa hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha kwamba waliwahi kuwapo.

Na kijana anayelala ziwani akivua dagaa hana mshahara kabisa. Kwa desturi ya mialo yetu, mafuta, chakula na matengenezo ya nyavu hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi kwa makubaliano ya mahali hapo. Usiku wa mbalamwezi hawaendi ziwani. Wakipata hasara, deni hubaki kwao na kuwafunga kwa tajiri huyohuyo msimu unaofuata. Tulipowauliza baadhi yao kuhusu kima cha chini, walidhani tunazungumza juu ya kina cha maji. Tulicheka pamoja nao, lakini tuliporudi tuliandika neno hilo katika kumbukumbu za kikao.

Neno la waajiri

Haki yatudai tuwasikilize na waajiri, maana wengine wao wako nasi humu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye vijana wawili si tajiri. Hulipa pango, leseni, kodi na umeme, na mwezi wa mvua mauzo hulala. Wenye viwanda nao husema kwamba samaki wamepungua ziwani, na katika hilo hawasemi uongo. Vipo vilivyofunga milango. Wanatuambia kwamba kima cha chini kikipanda ghafla, kesho watabaki na watu wanane badala ya kumi. Hatuwezi kuapa kwamba jambo hilo halitokei kamwe.

Lakini angalieni majirani zetu tunaonywa nao maji haya. Uganda haijabadilisha kima chake cha chini tangu mwaka 1984, nacho ni shilingi za Uganda 6,000 kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakilishi familia hata siku mbili. Bunge lao lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya mwaka 2019, na Rais Yoweri Museveni hakuutia sahihi. Kwa muda wa miaka arobaini waajiri wa kule hawajabanwa na kima chochote, na ukosefu wa kazi haujaondoka. Kenya nayo imezoea kutangaza nyongeza siku ya Mei Mosi. Mwaka 2024 ilitangazwa asilimia 6, na mwaka 2025 asilimia 12. Wao pia hunung'unika. Walau mwajiri wao ameshajua kwamba suala hilo halitalala miaka tisa na nusu kisha limwamkie kwa kishindo, na kwa maoni yetu nyongeza ndogo za mara kwa mara zingemfaa mwenye duka kuliko kungoja kwa muda mrefu.

Kanisa na dunia zasemaje

Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 131 wa mwaka 1970, ambao Tanzania imeuridhia, lataka kima cha chini kizingatie mahitaji ya mfanyakazi na ya familia yake, pamoja na hali ya uchumi. Mwezi Machi 2024 shirika hilo lilikwenda mbele zaidi likakubali maana ya mshahara wa kuishi: ule unaomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa heshima katika nchi yao, kwa kazi ya saa za kawaida. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Saa za kawaida kwa sheria yetu ni 45 kwa juma. Kama mtu hula kwa sababu tu amefanya kazi saa 70, mshahara wake haujatosha. Amejikata nyama akala.

Kanisa lilikuwa limelisema hili zamani. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum, alifundisha kwamba makubaliano ya hiari kati ya tajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwa kuwa mwenye njaa hukubali lolote. Juu ya makubaliano ipo haki ya asili, kwamba ujira umtunze mfanyakazi mwenye kiasi. Pius XI mwaka 1931 akaitaja familia waziwazi. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, akaufanya ujira wa haki kuwa kipimo cha kujua kama utaratibu mzima wa uchumi ni wa haki. Na kabla yao wote, Kumbukumbu la Torati liliagiza kwamba kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, na Mtume Yakobo akawaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia wapiga kelele mbele ya Mungu. Twajiuliza pia kwa nini yule mwenye shamba la mizabibu aliwalipa wa saa ya mwisho dinari nzima. Dinari ilikuwa posho ya siku moja ya nyumba. Sisi twaona kwamba alijua watoto wa kibarua wa jioni hawali chakula pungufu kuliko watoto wa kibarua wa asubuhi.

Upande wetu wa daftari

Mpaka hapa mmetusikiliza kwa furaha, maana tumewasema wengine. Sasa tuingie nyumbani.

Ni wangapi kati yetu tuna binti wa kazi? Analala saa ngapi? Ana siku ya mapumziko? Mwaka 2023 haki yake ya chini kabisa ilikuwa shilingi 60,000, yaani 2,000 kwa siku, na tunajua nyumba za waamini, nyumba zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, ambazo hazikufika hapo. Tunasema "nimemchukua kama mwanangu." Mwanetu tunampeleka shule. Tunasema "anakula na kulala bure." Kiwango chake kiliwekwa kuwa kidogo kwa sababu hiyohiyo ya kula na kulala, hatuwezi kukipunguza mara ya pili. Na wapo wanaomtumia mzazi wake kijijini fedha yote, binti mwenyewe asishike hata ya sabuni.

Tena tuitazame parokia. Tume yetu ilipoanza kuitayarisha mada hii, mjumbe mmoja aliuliza, bila nia mbaya, mlinzi wetu wa usiku analipwa kiasi gani. Hakuna aliyejua. Mhasibu alipofungua kitabu tuliona kwamba alikuwa akilipwa chini ya amri, kwa usiku saba wa kila juma, bila mkataba, bila michango ya hifadhi ya jamii, bila likizo. Hakuwahi kulalamika. Tulimwita tukamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba alidhani kazi ya Mungu haina kima cha chini.

Kikao cha Halmashauri ya Walei kilichofuata hakikuwa cha amani. Walisimama waliosema kwamba ana chumba nyuma ya ghala. Kwamba sadaka zimepungua. Kwamba makatekista wetu nao hupewa posho isiyotajika, basi tukimwongezea mlinzi tutawajibu nini makatekista? Swali hilo la mwisho lilituumiza kwa sababu lilikuwa la kweli. Mzee mmoja akasema paa la ukumbi limengoja miaka mitatu na bado laweza kungoja, mlinzi hawezi. Tulipiga kura, na tofauti ilikuwa kura mbili. Mlinzi sasa ana mkataba wa maandishi, analipwa kwa mujibu wa amri, ana siku ya mapumziko, na siku hiyo vijana wa VIWAWA hulinda kwa zamu. Paa la ukumbi bado lavuja. Suala la makatekista hatujalimaliza, nasi hatutaki mtu atoke hapa akidhani kwamba tumelimaliza.

Tunawaomba basi mambo machache ya kufanya vigangoni. Kila kigango kiandike kinawalipa kiasi gani watu wake wote, na karatasi hiyo isomwe mbele ya waamini kama yanavyosomwa matoleo. Kila mwenye mtumishi wa nyumbani amwandikie mkataba, hata kwa mkono, katika karatasi ya daftari, utaje mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yampa kila mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila juma, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Viongozi wa jumuiya wajue kwamba anayelipwa chini ya amri aweza kwenda kwa Afisa Kazi, na kwamba mgogoro waweza kupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali, siku 60 kwa madai mengine. Wengi huja kwetu mwezi wa nne, wakati mlango umekwisha kufungwa. Na mfanyakazi akiwaambia kwamba alikubali mwenyewe kulipwa pungufu, mwelezeni kwamba kukubali kwake hakumwondolei mwajiri wajibu.

Kwa mlinzi wetu lipo deni. Tulihesabu tofauti kati ya alicholipwa na alichostahili tangu Januari 2023, na Halmashauri ikakubali kuwa ni malimbikizo yake. Tumekwisha kumlipa ya miezi mitano. Yaliyobaki yamo katika ajenda ya kikao cha mwezi ujao, nambari ya pili, baada ya kusoma kumbukumbu.